Mdoli wa Rubafu

Bibi yangu Felicitas hakuwahi kuomba apelekwe mahali popote ila kanisani na msibani. Kwa hiyo siku ile tulipotoka kliniki ya macho mjini Bukoba, akasimama kivulini, akakunja karatasi ya dawa na kuisokomeza kifuani, kisha akasema, "Sasa nipeleke kwenye ile nyumba ya midoli, kule Bakoba," nilidhani matone aliyotiwa machoni yamempanda kichwani.

"Midoli, Bibi? Na miaka yako themanini na ushee?"

"Kwani midoli inauliza umri mlangoni?"

"Tutachelewa gari la Muleba."

"Magari ya Muleba hayaishi. Ninayekwisha ni mimi. Twende."

Ningekuwa na akili ningemdanganya kwamba nyumba imefungwa. Maana nyumba ile ilikuwa na mtu. Tangu Mama Jovita afungue makumbusho yake ya vitu vya kuchezea vya zamani, fundi wa kutengeneza vilivyovunjika alikuwa Wilbert, na mimi kila nilipokuja Bukoba nilizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele ya mlango ule. Sasa Jumapili iliyokuwa inakuja, nyumbani kwetu Kishanda, baba yangu Josia alikuwa anapokea washenga wa Nathanael.

Nathanael alikuwa mhasibu pale Muleba mjini. Mtu mwema, mpole, anayepiga simu saa aliyosema atapiga. Walimu wenzangu wa chekechea walinionea wivu waziwazi. Nikimfikiria Nathanael sikuumia popote, na nilikuwa nimejiambia kwamba mwanamke wa miaka ishirini na tisa asiyeumia popote ana nini tena cha kutafuta.

Basi tukapanda bodaboda, Bibi mbele yangu amekaa upande kama malkia, mkongojo mapajani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya bati jekundu, na ngazi za saruji zilizoinuka kidogo mno kwa kijana na kupita kiasi kwa mzee. Bibi akasimama chini ya ngazi, macho yamejaa machozi ya dawa. Mlango ukafunguliwa na mtu aliyekuwa na gundi vidoleni.

"Shikamoo, Bibi," Wilbert akasema. Alikuwa anamsalimia yeye, lakini alikuwa ananitazama mimi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nishike mkono, ngazi hizi sizioni."

Mjukuu wangu. Alilitamka taratibu, kila herufi mahali pake, jinsi mtu anavyokaza kigingi cha uzio. Kwa miaka minne alikuwa hamwiti jina lingine. Na mimi, kwa amri ya ukoo, nilipaswa kumwita kaka.

"Hujambo, kaka Wilbert," nikasema.

"Sijambo, Stella."

Yeye amri ile hakuwahi kuitii.

Niseme hapa hapa jambo lenyewe, lisije likawasumbua. Babu yangu Apolinary wa Kishanda na babu yake Wilbert, mzee Byabato wa Rubafu, walikuwa wamekula omukago. Undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wanachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja anachanjwa kidogo kitovuni, anapaka damu yake punje moja na kumpa mwenzake aimeze. Ukishaimeza, huyo ni ndugu yako kuliko wa tumbo moja. Nyumba yake ni nyumba yako, msiba wake ni wako, na watoto wenu na wajukuu wenu hawaoani milele. Watu wa mjini watacheka. Sisi, miaka minne iliyopita, tulipopeleka nyumbani habari kwamba tunataka kuoana, hakuna aliyecheka. Baba alisema damu ni nzito kuliko maji, Bibi akasema, "Huyo ni mjukuu wangu kama wewe," na mjadala ukaishia pale.

Tukaingia. Mama Jovita, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alikuwa mshona nguo kabla ya kustaafu na kuanza kukusanya midoli ya watu. Akatupokea kwa "Karibuni waitu, karibuni!" na kuanza kutuonyesha mali zake. Kulikuwa na midoli ya kizungu iliyoachwa na masista wa zamani, vichwa vya kaure, mashavu mekundu, nguo za lesi zilizogeuka rangi ya chai. Kulikuwa na magari ya waya, pia za mti, mipira ya majani ya mgomba, na baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Katikati ya chumba ilisimama nyumba ya midoli ya ghorofa mbili, imefunguliwa ubavu, ndani kuna ngazi, vitanda na meza yenye sahani ndogo kama kucha.

Bibi akainama akaichunguza hadi pua ikakaribia kuingia sebuleni.

"Jiko liko wapi?"

"Lile pale, Bibi, la chuma," Mama Jovita akasema.

"Lile? Litaivisha ndizi za watu wangapi? Na wageni wakija?" Akamgeukia mdoli wa kaure. "Ndiyo maana huyu kakonda roho. Anatazama watu kama tumemwibia."

Mama Jovita alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nilicheka, kisha nikamwona Wilbert anacheka pia, na macho yetu yakakutana juu ya paa la ile ghorofa. Nikaacha kucheka. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, na mimi pale nilikuwa nabanwa kifua.

Lakini Bibi hakutulia. Alipita kabati hadi kabati, anasogeza uso kwenye kioo, anaguna, anahama.

"Unatafuta nini, Bibi?"

"Natazama tu."

"Unatazama kama mtu aliyepoteza kitu."

"Annastella, umeleta macho yangu kutibiwa au kuyasimamia?"

Miguu ikamshinda. Mama Jovita akampeleka baraza la nyuma, mahali Wilbert alipokuwa na meza yake ya kazi, akamwekea kiti chenye mto na kwenda kuchemsha chai. Nikataka kuwafuata.

"Stella," Wilbert akasema. "Kuna kitu chako chumba cha pili. Kitazame, kisha nenda."

Ningekataa. Nilikuwa na sababu zote za kukataa, zimejipanga. Miguu ikaenda.

Kilikuwa juu ya meza fupi, hakina kioo. Msonge. Nyumba ya mviringo ya Kihaya, ya kuchezea, kimo chake magoti ya mtoto, ya mafito na nyasi, paa limeshuka hadi chini. Aliujenga Wilbert akiwa na miaka kumi na mimi saba, nyuma ya nyumba yetu Kishanda, likizo moja ya Desemba. Kila Desemba mzee Byabato alikuja Kishanda na wajukuu, ameleta senene waliokaangwa na samaki wa Rubafu, maana kwa ndugu wa omukago huendi mikono mitupu. Wakubwa walikaa ndani, na sisi tulikuwa mgombani tunaoana. Hakuna aliyetukataza. Mama alikuwa akipita na ndoo ya maji anauliza, "Watoto hawajambo?" nami namjibu mmoja ana homa.

"Mama aliniambia umeoza na ameutupa," nikasema.

"Aliuleta hapa mwenyewe. Paa ndilo lilikuwa limeoza. Nimeliezeka upya."

Kibao kidogo kilisema: *Msonge wa kuchezea. Umejengwa na watoto wawili, Kishanda.*

"Wawili? Mimi nilikaa tu nikikupigia kelele kwamba mlango umepinda."

"Ulikuwa umepinda kweli. Na ulipika."

"Tope."

"Nililila."

"Ulijifanya kulila."

"Mara ya kwanza nilijifanya. Ukalia. Mara ya pili nikalila." Akatazama vidole vyake vya gundi. "Niliumwa tumbo siku mbili, sikukutaja."

Nikainama nikachungulia ndani, hasa ili asinione uso. Kulikuwa na mafiga matatu ya kokoto, kitanda cha nyasi, na midoli miwili ya majani ya mgomba, mume na mke, wamekaa kila mmoja upande wake wa moto.

"Mbona umewaketisha mbalimbali?"

"Nilifuata maagizo ya ukoo."

"Wilbert!"

"Nifanyeje, Stella? Nicheke? Jumapili wanakuja watu wenye kanzu na mwamvuli, Baba yako atawapa kahawa ya kutafuna, watakula, watasema, na wewe utaitwa utoke. Utaulizwa unawafahamu wageni hawa? Utajibu nini?"

"Nitajibu ndiyo."

"Unampenda?"

"Hanisumbui."

"Hilo si jibu la nililouliza."

"Ndilo nililo nalo!" Sauti ilipanda, nikaishusha. "Wewe mwanaume, ukifika arobaini hujaoa watasema anachagua. Mimi nikifika thelathini nitaitwa nini? Unataka nikae Kishanda nakutazama kila Desemba ukija kutusalimia na senene? Kaka Wilbert, karibu, kaka Wilbert, kula? Siwezi. Ni bora niolewe mbali na nisikuone kabisa."

Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Muleba siyo mbali, Stella. Ungechagua Mtwara."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumwekea kichwa begani, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nililia tu, nimesimama, mikono imening'inia. Alinyoosha mkono, akakumbuka gundi, akaufuta kwenye suruali, na alipokuwa bado anaufuta tukasikia sauti ya Bibi kutoka barazani. Haikuwa sauti yake ya kila siku.

"Annastella! Njoo hapa. Njoo upesi."

Tulimkuta amekaa vilevile kwenye kiti, chai haijaguswa, na Mama Jovita ameduwaa karibu yake na birika mkononi. Mapajani mwa Bibi kulikuwa na mdoli uliotolewa kwenye meza ya Wilbert. Mdoli mdogo wa maganda makavu ya mgomba, kichwa kimefungwa kwa ukindu, kiunoni kipande cha nguo ya gome la mti kilichochakaa.

"Huu umetoka wapi?" Bibi akamuuliza Wilbert.

"Rubafu, Bibi. Babu alipofariki tulifungua sanduku lake la kitandani. Ulikuwa chini kabisa, umeviringishwa ndani ya shati. Shangazi alisema labda ulikuwa wa yule mtoto wake wa kike aliyekufa mdogo. Redio ilipotangaza watu walete vitu vya zamani, nikauleta. Bado sijauweka kabatini kwa sababu..."

"Kwa sababu unalia."

"Ndiyo. Ukiutikisa kuna kitu kinagonga ndani. Sikutaka kuupasua bila ruhusa ya mtu."

Bibi akautikisa mdoli karibu na sikio. Nikasikia: tk, tk. Kitu kidogo kikavu.

"Nilisikia redioni," akasema. "Wakasema familia ya marehemu Byabato wa Rubafu imeleta mdoli wa mgomba. Nikasema, haiwezekani. Nikasema, nikienda mjini kwa macho nitapita nione kwa macho." Akauinua. "Mdoli huu niliutengeneza mimi."

Nikachuchumaa mbele yake. "Wewe, Bibi?"

"Nilizaliwa wapi mimi?"

"Rubafu."

"Basi unashangaa nini? Nyumba yetu na ya kina Byabato zilitenganishwa na mgomba mmoja. Nilipokuwa msichana wa kuchumbiwa, yeye alinisemesha, nami nikamjibu. Sikuwa na cha kumpa. Nikamtengenezea huu, nikamwambia, huyu ni mtoto wetu, mtunze mpaka tupate wa kweli." Alisema hivyo bila aibu, kama anayeeleza jinsi ya kumenya ndizi. "Akamleta baba yake kwetu kuposa. Baba yangu akawakatalia. Alikuwa ameshapokea pombe ya watu wa Kishanda."

"Watu wa babu Apolinary," nikasema.

"Ndiyo."

Mama Jovita aliweka birika chini polepole. Wilbert alikuwa ameegemea nguzo, hatikisiki.

"Apolinary alikuwa mtu mzuri," Bibi akaendelea. "Lisije likatoka neno jingine hapa. Alinitunza, nami nikamtunza, na sikumdanganya hata siku moja. Lakini alikuwa na masikio. Alisikia habari za Rubafu. Mwingine angeninyooshea fimbo. Yeye hakusema kitu. Alimfuata Byabato mwenyewe, akamletea mbuzi, akamwambia, nataka tule omukago. Mtu mwenye akili hapigani na anayemtamania shamba. Anamfanya ndugu, amlindie."

"Na Babu akakubali?" Wilbert akauliza.

"Angekataaje? Kukataa omukago ni kusema mimi ni adui yako, na hapo kila mtu angejua kwa nini. Alikuja Kishanda. Mimi nilikuwa bado bibi harusi, nimeshika kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, nyuma yao. Wakachanjwa. Apolinary akameza punje yake, nikampa rubisi, akateremshia. Byabato akatia yake mdomoni. Nikampa kibuyu. Hakunywa. Alinitazama, mdomo umefungwa, shavu limekaza, akainuka akatoka. Hakuaga mtu. Watu wakasema ana haya, wengine wakasema dawa imemwingia. Mimi nilidhani ana hasira na mimi. Miaka yote hii, mwanangu, nimedhani ana hasira na mimi."

Akageuza mdoli mgongo. Akapitisha kidole taratibu juu ya mshono.

"Tazameni hapa. Mimi nilifunga kwa ukindu, sikushona. Na ndani nilijaza majani tu. Huu ni uzi wa nyavu. Huu ni mshono wa mwanaume." Akamnyooshea Wilbert mdoli. "Fungua."

"Bibi, utaharibika."

"Nimesema fungua. Wa kwangu huo."

Wilbert akamtazama Mama Jovita. Mama Jovita akaitikia kwa kichwa. Wilbert akachukua kimkasi, akakata nyuzi moja moja. Akaugeuza mdoli juu ya kiganja cha Bibi na kuutikisa.

Ilianguka punje moja ya kahawa. Nyeusi, kavu, upande mmoja umeviringana na mwingine bapa, ule unaolalia punje mwenzake ndani ya tunda.

Bibi alifunga kiganja. Nikamshika magoti.

"Kumbe ilikuwa mdomoni," akasema. "Kumbe ndiyo maana hakunywa. Hakumeza. Alitoka nayo Kishanda hadi Rubafu, akaja akamshonea mtoto wetu tumboni." Machozi yakaanza kumtiririka, na hayo hayakuwa ya dawa. "Alikataa kuwa ndugu yangu. Mpumbavu yule. Kila Desemba anakuja, anakula kwangu, anaondoka, hakuniita shemeji hata siku moja, na mimi namnunia. Ningejua, ningemwekea japo kipande cha samaki kilicho kikubwa."

Nilimkumbatia. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Tulilia wote wawili, na Mama Jovita naye akalia kwa ushirika, hadi Bibi alipoinua kichwa na kujifuta kwa ncha ya kanga.

"Wewe," akamwambia Wilbert. "Babu yako alimeza au hakumeza?"

"Hakumeza, Bibi."

"Omukago wa mmoja ni omukago?"

Wilbert akatikisa kichwa. Nikasikia moyo wangu unagonga kuliko punje ndani ya mdoli.

"Annastella, nipigie Baba yako. Weka sauti kubwa, sitaki kurudia mara mbili."

"Bibi, tungoje tufike nyumbani. Jambo hili..."

"Nikifika nyumbani nitakuwa nimepata akili. Piga."

Nikapiga. Baba alipokea na kelele za watu nyuma yake.

"Annastella, mmefika wapi? Tunapanga viti vya Jumapili, Bibi yako ndiye anajua mikeka iko wapi."

"Acha viti kwanza, Josia," Bibi akasema. "Kaa kwenye kimojawapo."

"Mama? Macho vipi?"

"Yanaona. Sikiliza. Omukago wa baba yako na Byabato haukufungwa. Byabato hakumeza. Nina punje yake hapa mkononi."

"Mama, nani amekuambia mambo hayo? Ni yule kijana? Mko na Wilbert?"

"Yupo, na hajasema kitu, hata angetaka asingeweza. Punje imetoka ndani ya mdoli niliomtengenezea Byabato nikiwa msichana. Aliificha humo."

"Afiche punje ya omukago? Kwa nini mtu afanye hivyo?"

Pale Bibi alisita. Nilimwona. Mwanamke wa themanini na ushee, mjane, mama wa kikundi cha Moyo Mtakatifu, anazungumza na mtoto wake wa kiume mwenye mvi mbele ya watu. Angeweza kusema sijui. Punje ingebaki punje, Baba angeiita hadithi, na Jumapili ingefika. Alinitazama mimi, akamtazama Wilbert, akasogeza mdomo karibu na simu.

"Kwa sababu alinipenda, Josia. Na mimi nilimpenda. Kabla ya baba yako."

Kelele za viti zilikuwa zimekoma. Nadhani Baba alikuwa ametoka nje.

"Mama," akasema, sauti imeshuka. "Watu watasema nini?"

"Watasema bibi kizee alipendwa. Waseme."

"Na Baba?"

"Baba yako nimemzika mimi, na nitazikwa pembeni yake, kaburi langu liko tayari. Hilo halibadiliki. Lakini ule uzio ulijengwa kunizuia mimi, Josia. Mimi nilikaa ndani yake, sikuuruka. Hawa watoto unawafungia kwa kosa gani?"

Baba akauliza, na ilikuwa sauti ya mtoto niliyekuwa sijawahi kukutana naye.

"Ndiyo maana hakuwahi kukuita shemeji? Baba alikuwa anamkemea. Mimi nilikuwa mdogo, nakaa mlangoni. Anamwambia, Byabato, msalimie shemeji yako. Na yule mzee anasema, Ma Felicitas, habari za huku."

"Ndiyo maana," Bibi akasema.

Baba akashusha pumzi. "Nathanael na watu wake nitawaambia nini mimi? Mbuzi amekwisha kununuliwa."

"Nathanael nitamwambia mwenyewe, Baba," nikasema. Sauti yangu ilitoka imara, nikaishangaa. "Leo, kabla sijapanda gari. Amenitendea vizuri, hastahili kusikia kwa mshenga."

"Annastella, una uhakika?"

Nilimtazama Wilbert. Alikuwa bado ameegemea ile nguzo, kimkasi mkononi, anangoja kana kwamba maisha yake yote yamepimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa kahawa. Hapo ndipo nilipoumia, mahali palepale pa zamani, chini kidogo ya koo, na nilifurahi kuumia kuliko nilivyowahi kufurahia kitu.

"Nina uhakika, Baba."

"Basi njooni nyumbani. Mje na huo mdoli niuone. Wazee wa ukoo watataka kuuona." Akakohoa. "Na huyo kijana... aje naye. Aje aeleze."

Simu ikakatika. Mama Jovita akapiga vigelegele vifupi, akajiziba mdomo, akakumbuka chai imepoa. Bibi hakuwa na habari nasi. Aliomba sindano. Wilbert akamtungia uzi, maana macho bado yalikuwa na ukungu, na Bibi akairudisha punje tumboni mwa mdoli na kushona mwenyewe, kwa kupapasa, mshono mbaya zaidi ya ule wa Byabato.

"Bibi, ngoja nikusaidie," nikasema.

"Huyu ni mtoto wangu. Kasaidie wako."

Nikaondoka kwenda chumba cha pili. Wilbert akanifuata. Niliingiza mkono ndani ya msonge, nikamchukua yule mke wa majani ya mgomba, nikamhamishia upande wa pili wa mafiga, karibu na mumewe. Wilbert akanishika mkono huo kabla haujatoka mlangoni, na gundi yake ikaning'ang'ania, na hatukuwa na haraka ya kuachana.

"Mlango umepinda bado," nikamwambia.

"Nitaunyoosha."

"Uache hivyo hivyo."

Tulipotoka nje jua lilikuwa limeelemea vilimani. Bibi alikuwa ametangulia mlangoni, mdoli umeviringishwa ndani ya kanga na kufungwa kifuani kama mtoto mchanga. Alisimama juu ya zile ngazi za saruji, akazipapasa kwa mkongojo, akasita. Nikasogea kumshika. Akanisukuma kando kwa kiwiko, akanyoosha mkono wake mwingine nyuma bila kugeuka.

"Mkwe," akaita. "Nishike mkono, ngazi hizi sizioni."